Jinsi ya kuwaunganisha majirani kwa simu, ramani na redio kabla maafa hayajafika

Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 tetemeko liliupiga mji wa Kobe, Japani, watu wengi wakiwa bado wamelala. Wengi wa waliotolewa hai chini ya vifusi walitolewa na jamaa na majirani zao, kwa mikono na kwa zana walizozikuta nyumbani. Waokoaji wa serikali walifika, lakini hakuna kikosi kinachoweza kufika kila mtaa kwa saa moja. Jirani alikuwa tayari yupo, na alijua bibi wa nyumba ya pili analala chumba kipi.

Ninaanzia Kobe kwa sababu mwongozo huu ni wa teknolojia, na ukizungumza teknolojia watu hukimbilia kuuliza, "Tupakue programu gani?" Hilo ni swali la tatu au la nne. Makundi mengi ya simu huundwa maji yakiwa tayari mlangoni: watu mia tatu wasiojuana, kila mmoja anaandika "jamani huko vipi?", na mwenye shida ya kweli anafunikwa na salamu na dua. Simu husaidia pale ambapo watu walishakubaliana mapema nani anamwangalia nani. Basi tuanze na watu.

Hatua ya 1: Daftari kabla ya kundi

Gaweni eneo lenu katika vikundi vidogo vya nyumba kumi hadi kumi na tano zinazopakana. Kipimo changu ni hiki: kiongozi wa kikundi aweze kuzipitia nyumba zake zote kwa miguu, gizani, bila kuchoka. Akihitaji pikipiki, kikundi ni kikubwa mno. Kila kikundi kiwe na kiongozi na naibu wake, na wasiwe mtu na mkewe, kwa sababu wakiwa safarini watakuwa safarini wote wawili.

Kisha kiongozi apite nyumba kwa nyumba na daftari. Aandike jina la mwenye nyumba, idadi ya wanaolala humo, namba ya simu, na namba ya pili ya mtu anayeishi mbali na eneo hilo. Aulize pia nani ndani ya nyumba hawezi kukimbia: mzee, mgonjwa, mtoto mchanga, mjamzito, asiyesikia, asiyeona. Aulize na upande wa pili, ambao husahaulika: nani ana ujuzi au kifaa. Muuguzi, fundi umeme, mwenye mashua, mwenye gari la mizigo, mwenye jenereta, mwenye ngazi ndefu, anayejua lugha ya alama. Mahitaji na uwezo vikikaa ukurasa mmoja, msaada wa kwanza huonekana bila kumpigia mtu yeyote simu.

Nashauri kila nyumba iulizwe swali moja zaidi, nalo ni zito kuliko yote: "Usiku wa manane, nani akipiga hodi na kusema tokeni, mtatoka bila kubishana?" Jibu likiwa si kiongozi wenu, liandikeni. Huyo aliyetajwa ndiye sauti ya tahadhari kwa nyumba ile, hata kama hana cheo chochote.

Daftari hili ni siri. Habari za ugonjwa wa mtu, au kwamba mama fulani anaishi peke yake, hazitumwi kwenye kundi la watu mia wala hazibandikwi ukutani. Mwambieni kila mtu habari zake zitatumika wapi na nani atazisoma, na asiyetaka kuandikwa aachwe. Nakala moja iwe kwa kiongozi, moja kwa naibu, moja kwa mratibu wa eneo zima. Ziandikwe kwenye karatasi na kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Nakala ya simu ifungwe kwa neno la siri.

Hatua ya 2: Chagueni njia tatu, na moja isiwe na mtandao

Programu bora ni ile ambayo watu wanaifungua kila siku. Kama wote wako WhatsApp, tumieni WhatsApp. Kuwahamishia wazee kwenye programu mpya yenye sifa nyingi ni kuwapoteza.

Lakini ielewe mitandao inavyokufa, kwa sababu itakufa. Mnara wa simu unategemea umeme. Ukikatika, betri zake hushika kwa saa chache tu, na jenereta, kama ipo, inahitaji mtu wa kuifikishia mafuta barabara zikiwa zimefungwa. Hata mnara ukisimama, watu wote hupiga simu kwa dakika ile ile na njia hujaa. Kimbunga Maria kilipopita Puerto Rico Septemba 2017, takriban asilimia 95 ya minara ya simu ya kisiwa ilizimika. Januari 2022, mlipuko wa volkano ya Hunga Tonga ulikata waya wa chini ya bahari unaoiunganisha Tonga na dunia, na ilichukua kama wiki tano kuurudisha.

Kwa hiyo njia ya kwanza iwe kundi la intaneti. Njia ya pili iwe SMS, ambayo huwafikia hata wenye simu za kitochi. SMS ni mzigo mdogo kwa mtandao, tena isipopita sasa husubiri na kujaribu tena, ndiyo maana mara nyingi hufika wakati simu ya sauti inakataa. Njia ya tatu isitegemee mnara wowote: redio za mkononi, kipaza sauti cha mkononi, king'ora, filimbi, bendera, na miguu ya vijana. Zipo pia programu kama Briar zinazopeleka ujumbe kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu. Ni nzuri ndani ya jengo au kambi, lakini masafa yake ni mafupi na lazima ziwe zimeshapakuliwa, msizifanye nguzo.

Jambo dogo la kufanya leo: fungua mipangilio ya simu yako na hakikisha tahadhari za dharura zimewashwa. Nchi nyingi hutumia tangazo la mnara, ujumbe unaorushwa kwa mara moja kwa simu zote zilizo chini ya mnara bila kuhitaji namba, na msongamano wa simu hauuchelewishi. Wengi huzima kengele hiyo mara ya kwanza inapowashtua, kisha wanaisahau.

Hatua ya 3: Tenganisheni vyumba

Kundi moja la kila jambo ni kundi la hakuna jambo. Fungueni vyumba, yaani makundi, vya aina tatu.

Chumba cha matangazo, ambamo kila mkazi yumo lakini wasimamizi pekee ndio wanaoandika. Mpangilio huo upo ndani ya WhatsApp na ni wa kubofya mara moja. Chumba cha waratibu, chenye viongozi wa vikundi, manaibu, na watu wa afya na usafiri. Halafu vyumba vidogo vya kila kikundi cha nyumba kumi na tano, ambako watu wanazungumza kwa uhuru, wanatiana moyo, wanauliza. Kiongozi ndiye anayebeba habari kutoka chumba kidogo kwenda kwa waratibu, akiwa ameshaichuja.

Wasimamizi wawe watatu au zaidi. Mmoja wao awe mtu wa mbali, ndugu au rafiki wa jamii anayeishi mahali ambako maafa hayo hayatafika. Yeye ana umeme, ana intaneti, amelala, amekula. Anaweza kupokea SMS zenu fupi na kuzijaza kwenye jedwali, kupiga simu kwa ofisi za serikali, kujibu jamaa wanaouliza habari za watu wao. Haiti ilipopigwa na tetemeko tarehe 12 Januari 2010, watu walituma SMS kwenye namba fupi 4636, na Wahaiti waliotawanyika nchi za nje walizitafsiri kutoka Kikrioli na kuzipangia mahali kwenye ramani, wengine wakiwa hawajaukanyaga mtaa huo kwa miaka mingi lakini wakiujua kwa majina yake ya zamani. Kila jamii ina watu wake wa ng'ambo. Wapeni kazi maalumu kabla ya siku hiyo, kwa sababu siku hiyo watataka kusaidia, na wasipopewa kazi watapiga simu tu na kuzidisha msongamano.

Hatua ya 4: Fundisheni ujumbe wenye mwili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona juhudi nyingi zikifia hapa.

Soma ujumbe huu: "Jamani maji yanatumaliza huku kwetu tusaidieni haraka!!!" Umeandikwa na mtu mwenye hofu ya kweli. Lakini mwenye mashua hajui aende wapi. Huku ni wapi? Watu wangapi? Umeandikwa sasa hivi, au umesambazwa kutoka kundi jingine na ni wa jana?

Sasa soma huu:

"15:40 (saa 9:40 alasiri). Daraja la chini, upande wa shule. Maji kiunoni. Watu 6 juu ya paa, 1 mjamzito. Wanahitaji mashua. Nimeona mwenyewe. Kiongozi K4"

Una saa, mahali, hali, idadi, hitaji, chanzo na mwenye ujumbe (K4 ni kikundi cha nne). Mwenye mashua akiusoma anawasha injini. Mpangilio huo uwe mmoja kwa wote, uchapwe kwenye kadi ndogo, na kila kiongozi aibandike nyuma ya simu yake.

Tazama ile saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu akiandika "maji yatafika saa 3", je, ni saa tatu asubuhi, saa tatu usiku, au amenakili tu saa tatu ya kizungu kutoka taarifa ya hali ya hewa, ambayo kwetu ni saa tisa? Katika mafuriko, tofauti hiyo ya saa sita ni maisha ya watu. Andikeni zote mbili kila mara: saa ya tarakimu nne kama simu inavyoonyesha, kisha saa yetu pamoja na neno asubuhi, mchana, alasiri au usiku. Msiwaruhusu hata waratibu wenu wazoefu kuruka hili.

Halafu urefu. SMS moja hubeba herufi 160 za kawaida. Ule ujumbe wa juu una 153, pamoja na nafasi. Lakini ukitia emoji moja tu, kikomo hushuka hadi herufi 70 na ujumbe wako unakatwa vipande, ambavyo mtandao ukisuasua huweza kufika kimoja bila kingine. Kiswahili kina mtego wake hapa: neno kama ng'ambo likiandikwa kwa alama iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe badala ya ile iliyonyooka, nalo hushusha kikomo hadi 70. Kwenye SMS ya dharura, tumieni maneno yasiyo na alama hiyo.

Ujumbe wa sauti ni msaada mkubwa kwa asiyesoma, na sauti ya mtu anayejulikana huaminiwa. Ila ni mzito kwa bando, na hauwezi kupitiwa kwa jicho. Mratibu mwenye ujumbe wa sauti arobaini hana namna ila kuusikiliza mmoja mmoja. Sheria iwe kwamba kila sauti inafuatwa na mstari mmoja wa maandishi, na katika kila kikundi awepo kijana wa kuwaandikia wazee.

Mwisho wa hatua hii ni lugha yenyewe. Kimbunga Haiyan kilipoikaribia Ufilipino Novemba 2013, watu walitangaziwa hatari kwa istilahi ya kitaalamu iliyomaanisha bahari kuinuliwa na upepo. Wakazi wengi wa mji wa Tacloban hawakuijua. Walionusurika wakaja kusema kwamba wangeambiwa maji yatakuja kama tsunami, wangekimbia. Kwa hiyo taarifa ya wataalamu ikifika, msiisambaze ilivyo. Igeuzeni kuwa kitu kinachoonekana. Badala ya "mvua ya milimita 80 inatarajiwa", andikeni: "Mto utavuka kingo usiku huu. Nyumba zote zilizo chini ya barabara zihame kabla ya saa 12:30 jioni (18:30). Njia ni ya juu, kupitia kiwanja cha mpira." Watu huhama wakijua waende wapi na kwa njia gani.

Hatua ya 5: Uvumi una mlango, uwekeeni bawabu

Wekeni maneno matatu na myatumie kwa ukali: IMEONWA, IMESIKIKA, IMETHIBITISHWA. Habari ya kuonwa hutumwa na aliyeona. Ya kusikika hubaki chumba cha waratibu mpaka mtu aende kutazama. Iliyothibitishwa ndiyo pekee inayoingia chumba cha matangazo.

Ujumbe wenye mishale miwili juu yake, alama ya WhatsApp kwamba umesambazwa mara nyingi, uchukuliwe kuwa wa kusikika hata ukitumwa na mtu mwema. Mara nyingi hutumwa na watu wema. Picha za mafuriko ya nchi nyingine miaka kumi iliyopita hurudi kila msimu wa mvua. Tazameni vibao, namba za magari, mavazi, kivuli cha jua.

Uvumi hatari kuliko wote ni ule unaowaondoa watu mahali salama: "bwawa limepasuka", "mawimbi ya pili yanakuja". Kubalianeni mapema ni nani mmoja anayeulizwa kuhusu bwawa, na namba yake iwe kwenye daftari. Mkiukanusha uvumi, anzeni na ukweli, wekeni saa, na msirudishe ile picha ya uongo hata kwa nia ya kuipinga, kwani wengi huiona picha na wasisome maelezo.

Hatua ya 6: Chora ramani yenu wenyewe

Mwaka 2008, baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi, Wakenya waliunda jukwaa la kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, wakaliita Ushahidi. Jina ni letu, na programu hiyo imeshatumika katika majanga ya nchi nyingi, Haiti ikiwemo. Kwenye tetemeko hilo hilo la Haiti, ramani ya wazi ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilikuwa karibu tupu kwa mitaa ya Port-au-Prince. Watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali waliijaza kwa picha za setilaiti ndani ya siku chache, na waokoaji wakaanza kuitumia. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazofurika kuchora nyumba, mifereji na njia ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote.

Mtu wa mbali huona paa. Mkazi anajua kwamba kichochoro kile kina ngazi, kwamba daraja lile huzama kwanza, kwamba ukuta ule ulishaegemea. Hivyo tembeeni. Kila kikundi kitoke siku moja kikiwa na ramani iliyochapwa na kalamu, na kiweke alama kwenye miinuko, njia za kutokea, visima, vituo vya afya, majengo imara, mahali pa kukusanyika, na mahali ambapo maji yalifika mara iliyopita. Wazee waende nao. Wao ndio wanaokumbuka mto ulipita wapi kabla ya nyumba kujengwa. Kisha vijana waingize hayo OpenStreetMap.

Nyumba za wagonjwa na wazee wapweke zisiwekwe kwenye ramani hiyo ya wazi kamwe. Hizo ni za daftari.

Pakueni ramani ya eneo zima kwenye simu kwa programu kama Organic Maps au OsmAnd, ambazo hufanya kazi bila intaneti. GPS ya simu inasoma setilaiti, haihitaji bando wala mnara. Hili watu wengi hawalijui. Hivyo hata mtandao ukikata, simu yako inaweza kukuonyesha ulipo, na unaweza kumsomea mtu wa mashua namba za latitudo na longitudo kwa redio. Someni tarakimu nne baada ya nukta: hizo zinafika ndani ya mita kumi na moja hivi, zinatosha kuipata nyumba. Tarakimu mbili tu zinaweza kukutupa kilomita nzima pembeni. Na mlio kusini mwa ikweta, msisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo. Bila hiyo, mtu wenu anahamia upande wa pili wa ikweta.

Hatua ya 7: Jedwali moja la mahitaji

Saa za kwanza zikipita, tatizo hubadilika. Msaada unaanza kuingia, na nyumba tatu zinapata mahema mawili mawili huku ya nne haijafikiwa. Dawa yake ni jedwali moja la pamoja la mtandaoni. Moja tu. Safu zake: namba ya ombi, saa, kikundi, hitaji, idadi ya watu, anayeshughulikia, hali. Hali ziwe tatu: MPYA, INASHUGHULIKIWA, IMEKWISHA.

Safu ya "anayeshughulikia" ndiyo roho ya jedwali. Ombi likikaa bila jina la mtu kwa nusu saa, mratibu wa zamu ampigie mtu na kumpa. Na halisomeki IMEKWISHA mpaka aliyeomba athibitishe kwamba amepata. Dereva kusema "nimeshapeleka" hakutoshi.

Kwa kukusanya takwimu nyingi zaidi, mfano kuhesabu nyumba zilizobomoka, programu ya fomu iitwayo KoboToolbox ina mpango wa bure na hujazwa bila intaneti, kisha fomu zinapanda mtandao ukirudi. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, wataalamu wa kompyuta wa Sri Lanka walijitolea kuandika programu huria iitwayo Sahana ya kuorodhesha waliopotea, kambi na misaada. Zote ni nzuri. Kwa mtaa mmoja, jedwali na nidhamu vinatosha.

Hatua ya 8: Chaji

Pawabenki zijazwe kila mara tahadhari inapotoka. Simu ziwekwe hali ya ndegeni, mwanga upunguzwe, na kila mtu awashe dakika kumi tu mwanzoni mwa kila saa. Mkikubaliana hivyo, ujumbe wenu utamkuta mwenzenu hewani na betri ya siku moja itafika siku tatu. Jueni nani ana paneli ya jua na nani ana gari la kuchajia. Namba kumi muhimu ziandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu ikizimika, na namba za watoto wako zimezimika.

Hatua ya 9: Fanyeni zoezi, na lipimeni

Tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga kiliingia pwani ya nchi ambayo sasa ni Bangladesh na kuua watu wanaokadiriwa kufika 300,000 au zaidi. Mwaka 1972 ukaanzishwa mpango wa maandalizi ya vimbunga kwa ushirikiano wa serikali na chama cha msalaba mwekundu. Wanaoubeba ni makumi ya maelfu ya wakazi wa kujitolea, wake kwa waume, wenye bendera za ishara, vipaza sauti, ving'ora na redio. Vimbunga vikali vimeendelea kuja, na vifo vimeshuka kutoka mamia ya maelfu hadi, katika miaka ya karibuni, makumi. Utabiri umeboreka na makazi ya kujihifadhi yamejengwa, hilo ni kweli. Lakini utabiri ulihitaji mtu wa kuufikisha mlangoni, na mtu huyo alikuwa ameshafanya mazoezi.

Zoezi lenu liwe hivi. Mratibu anatuma ujumbe: "ZOEZI. ZOEZI." Neno hilo litangulie na kumaliza kila ujumbe, watu wasipagawe. Kila kiongozi anaufikisha nyumba zake zote na kurudisha jibu la idadi: "K4, nyumba 13 kati ya 14, watu 61." Shikeni saa. Imechukua dakika ngapi mpaka jibu la kikundi cha mwisho?

Mara ya kwanza mtaaibika, na ni vizuri. Mtagundua namba zilizobadilika, naibu aliyehama, kiongozi aliyeweka kundi kimya tangu mwezi uliopita. Rekebisheni, rudieni baada ya wiki mbili. Zoezi la pili lifanyike mkiwa mmezima data: SMS pekee. La tatu bila simu kabisa, usiku. Hapo ndipo mtajua kama mama asiyesikia anaamshwa na nani, maana king'ora hakimfikii. Mtu lazima aingie na kumgusa bega. Andikeni jina la mtu huyo kwenye daftari, mbele ya jina la mama.

Nendeni na ofisi ya serikali ya eneo lenu tangu mazoezi haya. Wakiwafahamu mapema watawapa taarifa moja kwa moja, nanyi mtajua ishara zenu hazigongani na zao.

Hatua ya 10: Baada ya siku zile

Chumba cha matangazo kiendelee, kwani maji ya kunywa, magonjwa na watu waliopoteana huja baada ya maji kupungua. Wekeni zamu za saa sita kwa waratibu tangu siku ya kwanza; mtu aliyekesha siku mbili huanza kuandika mahali pasipo, na hajijui.

Hali ikitulia, ketini ana kwa ana, si kwenye simu, mpitie ujumbe mmoja mmoja kuanzia wa kwanza. Upi ulichelewa? Ulikwama kwa nani, na kwa nini? Msitafute wa kulaumiwa, maana mkimlaumu mtu leo, kesho atakaa kimya akiwa na habari. Futeni orodha za muda zenye habari za wagonjwa na waliopoteza ndugu, pamoja na nakala zilizobaki kwenye simu za waliojitolea. Waulizeni wenye picha za miili kama wamezifuta, na waulizeni mbele ya wenzao.

Kisha viongozi warudi nyumba kwa nyumba na lile daftari. Kuna namba mpya, kuna watoto waliozaliwa, kuna nyumba ambazo sasa zina mtu mmoja.